Kuandaa pikapu ya kuvuta tela la farasi kabla hujaifikisha Kitonga

Wakuu, kama una pikapu hapa Dar na unataka kupeleka farasi Iringa, Mufindi au mbele zaidi, anza kwa kukubali kwamba Dar haikuonyeshi ubovu wa gari. Mji ni tambarare, unatoka Mbezi mpaka Posta unakanyaga breki kidogo kidogo kwenye foleni, hakuna mahali zinapata moto wa maana, kwa hiyo gari inaweza kukaa miaka unaiona nzima halafu Kitonga, ule mlima mkali wa kona kabla ya Iringa, ikakuumbua ndani ya dakika 10. Na nyuma una mnyama ambaye hana mkanda wala hajui kona inakuja.

Uzito kwanza. Farasi mkubwa anacheza kilo 400 mpaka 600, tela tupu la farasi wawili karibu tani moja, ongeza maji, majani na matandiko, tayari unavuta tani 2 au zaidi. Fungua kitabu cha gari uangalie uwezo wa kuvuta, utakuta namba mbili, ya tela lenye breki na ya tela lisilo na breki, na hiyo ya pili kwa pikapu nyingi ni kilo 750 tu. Tela la farasi lisilo na breki zake usilipeleke mlimani, hapo mimi sina mjadala.

Chuma cha kuvutia nacho wengi wanakwenda kuchomelea mtaani kwenye bampa, jamani hapana, kifungwe kwa bolti kwenye chesesi, na kile kichwa cha duara kilingane saizi na mdomo wa tela. Ukishafunga, nyanyua mbele ya tela kwa jeki yake mpaka nyuma ya gari ianze kuinuka, kama ni cha kuachia afadhali kiachie hapo hapo uani. Springi na shokapu za nyuma ziwe nzima, maana nyuma ikilala sana taa zinamulika juu, na mbele panakuwa pepesi hata usukani unapoteza nguvu.

Sasa breki, na hapa naomba usiharakishe. Oili ya breki inanyonya unyevu wa hewani, na sisi tunakaa pwani, unyevu ndio hali yetu ya kila siku. Oili aina ya DOT 4 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 230 hivi, ikishaingia maji inashuka mpaka kama 155, ikichemka inatoa mapovu na pedali inazama mpaka chini huku gari inaenda tu. Kwa hiyo kama hukumbuki ilibadilishwa lini, badilisha yote, fundi asikuongezee juu juu. Pedi na breki shuu zikibaki nyembamba weka mpya. Upande wa tela, nyingi zina breki ya kusukumwa, gari ikipunguza mwendo tela linasukuma mbele na breki zake zinakamata. Ujue basi kwamba kwenye mteremko mrefu linasukuma muda wote, na breki zake zinapata moto hata kama wewe mguu umeuinua. Nyanyua kila tairi uzungushe kwa mkono, lisikwaruze upande mmoja na kuzunguka huru upande wa pili, na beringi zipate grisi mpya. Ule waya wa dharura unaovuta breki tela likichomoka ufunge kwenye gari yenyewe.

Rejeta isafishwe, weka kulanti siyo maji ya bomba, mfuniko ukiwa umechoka nunua mwingine. Gia boksi ya otomatiki ibadilishwe oili kabla ya safari. Injini ya dizeli isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, na Iringa iko zaidi ya mita 1,500, kwa hiyo usishangae ikilegea huko juu.

Tairi za tela huwa zinazeeka kabla hazijaisha kashata (meno yake). Soma zile namba 4 pembeni, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Zikishapita miaka 6 mimi naziacha, na ya akiba ya tela uwe nayo.

Halafu ingia chini ya tela na bisibisi, chomachoma mbao za sakafu, hasa nyuma na pembeni ambako mkojo unakaa. Bisibisi ikizama, ubao umeoza, na mguu wa farasi utapita hapo.

Kabla ya safari yenyewe fanya jaribio la kupanda Pugu kwenda Kisarawe, siku ya kwanza mifuko ya mchanga badala ya mnyama. Farasi akiwa mmoja mweke upande wa dereva, barabara zetu zinalalia kushoto.

Toka Dar usiku wa manane ukwepe joto na foleni ya Kibaha, ukiwa na kibali cha kusafirisha mnyama na karatasi za daktari wa mifugo. Kila baada ya saa 3 au 4 simama umpe maji. Mikumi pita taratibu bila kusimama porini, kuna ndorobo (mbung'o) kule na farasi anaugua vibaya ugonjwa wao. Ruaha Mbuyuni, pale kwenye vitunguu, pumzisha gari kabla ya kupanda. Kitonga zima AC, gia ndogo, usigombane na malori.

Kwenda ni kupanda, mtihani uko kurudi. Ingia gia namba 2 kabla mteremko haujaanza, acha injini ishike gari, breki kanyaga kwa nguvu kiasi kisha achia zipoe, usizilalie, na nyutro usiguse kabisa. Ukifika chini sogeza mkono karibu na kila habu (kitovu cha tairi) bila kuishika, moja ikiwa na joto kuliko wenzake breki yake imekwama au beringi inakufa. Hapo usivute hendibreki ya tela ikiwa imechemka, weka jiwe kwenye tairi, na ukiondoka jiwe hilo litoe barabarani, kuna bodaboda atapita gizani.