Piza ya sangara kwa mwenye kisukari

Nawapikia watu wenye kisukari hapa Mwanza, na swali la kama piza inalika haliishi. Inalika. Ninayopika ni ya kikaango, haihitaji ovena.

Hatua ya 1: Pima sukari ya damu kabla ya kula. Kwa watu wazima wengi lengo ni 4.4 hadi 7.2 mmol/L, isipokuwa daktari wako amekupangia vingine. Ukikuta 12, leo kula samaki na mboga, piza ingoje.

Hatua ya 2: Unga. Kikombe kimoja cha atta (unga wa ngano isiyokobolewa), gramu 120 hivi, kina wanga unaokaribia gramu 85. Kanda na nusu kijiko cha chai cha hamira, chumvi kidogo na maji ya uvuguvugu. Ukiumuka, gawa madonge mawili, sukuma kila moja liwe jembamba kama chapati. Duara moja, mtu mmoja. Na msidanganyike: atta nayo ina wanga, kinachookoa zaidi ni wembamba.

Hatua ya 3: Vya juu. Choma upande mmoja, geuza, paka rojo la nyanya na kitunguu saumu ulilopika mwenyewe, maana sosi nyingi za chupa zina sukari. Weka minofu ya sangara iliyoiva, hoho, kitunguu na jibini kiasi. Dagaa wa soko la Mwaloni pia wanafaa, mradi uwaoshe mchanga wote uishe. Funika, moto mdogo.

Hatua ya 4: Kula kwa mpangilio. Kachumbari na samaki kwanza, mkate wa piza baadaye. Hivyo sukari hupanda taratibu. Kinywaji ni maji.

Hatua ya 5: Tembea dakika 15. Wa mtaa wa Bugando, kilima mnacho.

Hatua ya 6: Pima tena, mara mbili. Saa mbili baada ya kula, lengo ni chini ya 10. Wengi huishia hapo wakishangilia. Ila mafuta ya jibini huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo sukari yaweza kupanda saa nne au tano baadaye, umeshalala. Ndiyo maana nashauri piza iliwe saa kumi na mbili jioni, si saa tatu usiku, upate kupima kabla ya kulala.

Anayechoma insulini asiongeze dozi kwa kukisia; apeleke daftari la vipimo kliniki, wampangie. Sukari ikishuka chini ya 4, koroga vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15.