Dar hadi Dubai: jinsi ya kukokotoa umbali wa anga na muda wa safari

Unahitaji kikokotoo chenye sin na cos. Cha simu kinatosha. Kwenye simu nyingi, ukiilaza simu vitufe hivyo hutokea.

1. Pata latitudo na longitudo za uwanja wenyewe, si za mji. Dubai ina viwanja viwili, DXB na DWC, kwa hiyo angalia herufi tatu kwenye tiketi.

DAR: −6.88, 39.20
DXB: 25.25, 55.36

Latitudo ya kusini mwa ikweta huwekewa alama ya hasi. Ukikuta digrii na dakika, gawa dakika kwa 60: 25°15′ ni 25.25, siyo 25.15.

2. Hakikisha kikokotoo kiko kwenye digrii. Piga sin 30. Jibu likiwa 0.5, endelea. Likija −0.988, kiko kwenye radiani na kila kitakachofuata kitakuwa kosa.

3. Kokotoa umbali. Tofauti ya longitudo ni 16.16.

sin(−6.88) × sin(25.25) + cos(−6.88) × cos(25.25) × cos(16.16) = 0.8114

Bonyeza cos⁻¹, upate 35.77°. Kila digrii ni maili 60 za baharini, yaani maili 2,146. Zidisha kwa 1.852: km 3,975. Ukisahau ile hasi utapata km 2,667 hivi, kwa sababu umeihamisha Dar hadi kusini mwa Ethiopia! Kosa hili ndilo linalowapata wengi.

4. Geuza umbali kuwa muda. Ndege hufuata njia za anga zilizopangwa, hainyooki moja kwa moja. Ongeza asilimia 4: km 4,130 hivi. Ndege kubwa ya jeti ikikata anga kwa km 870 kwa saa, 4,130 ÷ 870 = 4.75. Hiyo ni saa 4 na dakika 45, si dakika 75. Ongeza nusu saa ya kutembea ardhini, kupaa na kushuka: saa 5 na dakika 15.

Kwa ndege za pangaboi tumia km 650 (Q400) au 500 (ATR 72). Safari fupi sana usizipigie hesabu hii. Dar–Zanzibar ni km 73, ambazo kwa Q400 zingekuwa dakika 7, lakini ndege haifikii mwendo wake kabla ya kuanza kushuka. Weka dakika 20 hivi.

Upepo nao una nguvu zake, hasa mashariki–magharibi: New York–London ni kama saa 7, kurudi kama 8.

5. Rekebisha saa. Tiketi huandika saa za mahali. Ukiondoka 16:45 (saa 10:45 jioni), ongeza 5:15, inakuwa 22:00 ya Dar. Dubai iko mbele kwa saa moja, kwa hiyo tiketi itaonyesha 23:00, yaani saa 5 usiku. Ukitoa 16:45 kwenye 23:00 bila kurekebisha, utadhani safari ni ya saa 6 na robo. Wakati wa kurudi kosa hilohilo litaifupisha hadi saa 4 na robo.