Tiltrota kwenye simyuleta: throto ijibu kama ya kweli na uning'inie bila kurukaruka

Wakuu, kama umewahi kukaa kwenye V-22 Osprey ya simyuleta (tiltrota, yaani ndege inayogeuza rota zake juu ining'inie kama helikopta, au mbele iruke kama ndege ya kawaida), ukasimamisha naseli (yale makasha ya injini na rota kwenye ncha za mabawa), ukasukuma throto (leva ya nguvu) kidogo ndege ikaruka kama chura, ukairudisha kidogo ikashuka kama gunia la mahindi, ukasukuma tena kwa hasira, basi tuko pamoja. Mi nilikaa wiki kadhaa nalaumu mikono yangu, alafu nikalaumu joistiki, nikalaumu na kompyuta, kumbe shida ilikuwa kwenye hesabu ndogo tu ambayo ningeifanya siku ya kwanza nisingehangaika vile.

Hesabu yenyewe ni hii. Kuning'inia palepale hewani maana yake msukumo wa rota umelingana na uzito wa ndege, basi. Msukumo ukizidi uzito kwa asilimia 5 tu, ndege inaanza kupanda na kila sekunde inaongeza karibu nusu mita kwa sekunde, kwaiyo baada ya sekunde 4 unapanda mita 2 kwa sekunde ambayo ni kama futi 400 kwa dakika. Sasa angalia hiyo throto yako ya mezani. Tuseme leva ina safari ya sentimita 8, na ukiimaliza yote unapata msukumo wa asilimia 120 ya uzito. Ile asilimia 5 inakuwa milimita 3 na ushee za leva. Milimita 3! Ukikohoa tu umeshazimaliza. Ndo maana inaruka, we sio mbovu, leva fupi inabeba kazi kubwa.

Kabla hujagusa setingi yoyote, jua kwanza modeli yako, yaani ile ndege uliyoiweka kwenye simyuleta, ina tabia gani, maana kuna modeli hazifai na utajisumbua bure. Ning'inia kama mita 30 juu, pasiwe na upepo, alafu ongeza leva kidogo uiache hapohapo, usiiguse tena. Rota ya kweli ikianza kupanda, hewa inayoingia kwa juu inapunguza pembe ambayo mapanga yanakata hewa, msukumo unapungua wenyewe, kwaiyo baada ya sekunde kadhaa ndege inatulia kwenye spidi moja ya kupanda. Modeli ikiendelea kuongeza spidi bila kutulia, ujue aliyeitengeneza kaweka injini ya kusukuma inayogeuzwa juu tu, hamna rota pale. Simyuleta ya X-Plane inakokotoa nguvu kwa kukata kila panga vipande vipande kwaiyo hili kwa kawaida linakuja lenyewe, kwingineko inategemea na mtengenezaji alijali kiasi gani.

Jaribio la pili, angalia mshale wa mizunguko ya rota huku unacheza na leva. Kwenye Osprey halisi rota inazunguka karibu mara 400 kwa dakika ikining'inia, na ikishakuwa ndege ya kawaida inashushwa hadi karibu 330, na kwenye hali yoyote kati ya hizo mbili mizunguko haipandi na kushuka ukisukuma leva. Kuna gavana (ya mashine, sio ya siasa) inayoishikilia. Unachobadilisha kwa leva ni pembe ya mapanga na nguvu ya injini, na pembe inabadilika haraka, ndo maana msukumo unaitikia upesi. Kwahiyo ukiona mizunguko inatoka asilimia 70 kwenda 100 kila ukisukuma, hapo umepata mchawi wako: mapanga mazito lazima yaongeze mwendo kwanza ndo msukumo uje, na ukija unakuja mwingi kwa mkupuo kwa sababu msukumo unakua kwa mraba wa mizunguko. Mara nyingi dawa ni rahisi kuliko unavyodhani, leva ya mizunguko ya pangaboi haijaunganishwa na kitu chochote au imebaki chini. Ipeleke mbele yote kabla hujaruka, iache hapo muda wote unaoning'inia. Kushuka kidogo kwa mshale ukiongeza nguvu ghafla alafu kurudi ni sawa, hiyo hata ya kweli inafanya.

Sasa setingi. Eneo mfu la throto (ile sehemu ya safari ya leva ambayo simyuleta inaipuuza) weka sifuri kabisa, kwenye throto halina faida yoyote, linakuibia milimita ambazo tayari ni chache. Alafu nenda kwenye ule mchoro wa mwitikio, mstari unaoupinda, lengo lako ni sehemu inayozunguka pale unaponing'inia iwe imelala, ili leva isogee sana na msukumo ubadilike kidogo. Wengi wanakosea hapa, wanalaza mwanzo wa mstari kwa sababu ndo watu wanavyofanya kwenye joistiki, matokeo yake juu kunakuwa kukali zaidi na we unaning'inia hukohuko juu. Ning'inia kwanza, soma asilimia ya leva ikiwa imetulia, tuseme 68, ndo ulaze kuanzia 55 hadi 80. Kama simyuleta yako inakuruhusu kulaza katikati tu yaani 50, cheza na uzito: punguza mafuta na mizigo mpaka kuning'inia kusogee karibu na katikati. Sio uhalisia wa asilimia mia lakini kwa kujifunza inasaidia mno, na ndege nyepesi inasamehe zaidi.

Kuhusu upande wa leva: kwenye Osprey leva inasukumwa mbele kuongeza nguvu kama ndege ya kawaida, haivutwi juu kama ya helikopta. Kwaiyo throto ya kawaida ya mezani ndo iko karibu zaidi na kitu halisi, usikimbilie kununua leva ya helikopta kwa ajili ya tiltrota. Naseli nazo ziweke kwenye vitufe viwili, cha mbele na cha nyuma, kwenye leva ileile kwa kidole gumba. Halisi ni kigurudumu kidogo cha kidole gumba kwenye leva ya nguvu. Mi niliwahi kuziweka kwenye kitelezi cha pembeni, nikakigusa na kiwiko nikiwa mita 15 juu ya meli, tusiongelee.

Na msaada wa kutuliza ndege, usiuzime ukidhani ndo uanaume. Osprey ya kweli inaongozwa kwa kompyuta, hakuna rubani anayeituliza kwa mikono mitupu, kwaiyo kuuwasha ni kuwa karibu na ukweli. Kinachofaa kuzimwa ni ule wa kushikilia kimo kiotomatiki, maana ukiuacha hutojifunza leva hata siku moja.

Haya, mikono. Kosa la kwanza la kila mtu ni kukifukuza kimo. Unaona uko mita 12 ulitaka 10, unapunguza nguvu mpaka usome 10, ukifika 10 tayari unashuka kwa kasi, unaongeza, unapita juu, na inaendelea hivyo inakua kila mzunguko. Acha kimo, shughulika na spidi ya kupanda na kushuka. Ukiona unaanza kushuka, sukuma leva kidogo, subiri kama sekunde moja, alafu rudisha nusu ya ulichosukuma kabla ndege haijatulia. Hiyo kurudisha mapema ndo siri yote, kichwani inaonekana upuuzi maana ndege bado inashuka na we unapunguza, lakini leva inaamrisha kuongeza kasi, haiamrishi kimo, kwaiyo ukisubiri uone matokeo umeshachelewa. Na usiangalie mshale wa spidi ya wima, huo unachelewa, angalia nje mbali, upeo wa macho na kitu kimoja kilichosimama kama nguzo au jengo, alafu kimo cha rada kwa kuibia. Kama unatumia skrini moja, shusha kidogo kamera uone ardhi ya mbele, bila hivyo unakuwa kipofu.

Kusogea mbele na nyuma kwa naseli ndo kunanoga. Ukishusha naseli kutoka nyuzi 90 (zimesimama wima) hadi 85 nguvu ya kuinua inapungua chini ya nusu ya asilimia, huisikii kabisa, lakini mbele unapata mwendo unaoongezeka karibu noti 1.7 (noti ni maili ya baharini kwa saa) kila sekunde, sekunde 10 una kama noti 17 na pua iko sawa tu. Ukishusha hadi 75 unapoteza karibu asilimia 3 na nusu, hapo lazima uongeze leva kidogo. Ukienda 60 wakati bado hujapata mwendo, umepoteza asilimia 13 na bawa bado halijaanza kubeba, unakaa chini. Kwaiyo naseli unazishusha kwa vipande, unasubiri spidi ije, unashusha tena. Na kwenye Osprey zinaenda nyuma kupita 90, hadi nyuzi 97 na nusu, hiyo ndo breki yako.

Kulala upande ni polepole kuliko helikopta, injini nzito ziko kwenye ncha za mabawa, na kinachokulaza ni rota moja kupata pembe kubwa kuliko mwenzake. Inachelewa kuanza na inachelewa kuacha, kwaiyo anza kurudisha joistiki kabla hujafika unapotaka. Chunga pia ukingo wa meli au paa, rota moja ikiwa juu ya sakafu inapata msaada wa hewa inayorudi na nyingine iko juu ya maji haipati, ndege inajilaza yenyewe kuelekea majini. Modeli nzuri inaonyesha hili.

Kushuka ndo sehemu inayoua. Ukiwa chini ya noti 40 usizidishe futi 800 kwa dakika kwenda chini, hicho ndo kikomo cha Osprey, na hakikuwekwa kwa mapambo. Aprili 2000 huko Marana, Arizona, Marekani, Osprey ilikuwa inashuka haraka huku mwendo wa mbele ni mdogo, rota moja ikaingia kwenye hewa yake yenyewe inayozunguka, ikapoteza msukumo, ndege ikapinduka, wakafa askari 19 wa kikosi cha Marine. Kwenye helikopta ya rota moja ungezama tu, hapa upande mmoja unazama na mwingine hauzami. Ukihisi bawa linaanza kushuka lenyewe usiongeze nguvu na usipigane na joistiki, sukuma naseli mbele upate hewa safi.

Na unapokuja kutua, jiandae na ile sehemu ya mwisho ambapo nguvu inahitajika zaidi wakati we unadhani umemaliza. Kadiri mwendo unavyopungua, bawa linaacha kubeba na rota zinabeba zote, alafu hewa ya rota yenyewe inalipiga bawa kwa juu na kukula sehemu ya msukumo. Anza kuongeza leva kidogo kidogo kabla ndege haijaomba. Ukisubiri ianze kuzama utasukuma nyingi, na tumerudi kwenye chura.

Zoezi langu ni mita 10 juu, dakika moja nzima, usitoke juu wala chini zaidi ya mita moja, alafu geuka duara zima kwa pedali katika hali hiyohiyo. Ukiweza mara tatu mfululizo, weka upepo wa noti 10 wa ubavuni. Ukiweza na hiyo, jaza mafuta hadi juu uone leva yako ilivyohama, maana ile 68 uliyoizoea sasa iko 80 na sehemu uliyoilaza imebaki nyuma yako, hapo inabidi urudi kwenye mchoro uanze upya.