Unarudi kwenye skii za milimani? Tuanze na bikoni

Kama bikoni yako, kile kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa na poromoko la theluji, uliinunua kabla hujaoa, na sasa mtoto wako wa kwanza yuko darasa la sita, usiivae tena. Nalisema mapema ili anayesoma huku amesimama dukani asipoteze muda. Wengine kaeni, tuzungumze.

Nawaandikia hasa wenzangu wa Alberta na British Columbia ambao zamani mlikuwa mnapanda Bow Summit au Burstall Pass kwa miguu yenu, skii miguuni, mbali na viwanja vyenye lifti na walinzi. Halafu yakaja mambo ya watu wazima: watoto, zamu za usiku, mkopo wa nyumba. Sasa watoto wamekua na miguu inawawasha tena. Walioko Norwe, Uswisi na Austria nao wanakaribishwa, maana vifaa ni vilevile na theluji inaua vilevile. Mimi ni fundi. Nilianza na redio na simu Kariakoo, na hapa Calgary bado ugali wangu unatokana na vifaa vya umeme, kwa hiyo mtanivumilia nikianza na yaliyomo ndani kabla ya bei.

Bikoni ni kifaa cha ukubwa wa simu nene, unakivaa kifuani chini ya koti. Muda wote mkiwa mlimani kinarusha mdundo wa redio, kama mmoja kila sekunde, kwenye masafa ya kilohezi 457, ambayo ndiyo yanayotumika dunia nzima. Poromoko likikufukia, wenzako wanageuza bikoni zao kutoka kurusha kwenda kutafuta, nazo zinawaonyesha mshale na namba ya umbali mpaka ulipo. Baada ya hapo inakuja fimbo ndefu ya kuchomea theluji, kisha beleshi.

Kinachobana ni muda. Uchunguzi wa ajali za Uswisi uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba waliofukuliwa ndani ya dakika 10, zaidi ya tisa katika kila kumi walipona. Baada ya hapo idadi inashuka kwa kasi ya kutisha, kwa sababu ya kukosa hewa. Helikopta haiwezi kukuwahi. Anayekuwahi ni yule mliyekuja naye kwenye gari asubuhi.

Ndiyo maana nasema, unaponunua bikoni, sehemu ya kutafuta unamnunulia mwenzako. Wewe ukifukiwa, yako inachotakiwa ni kurusha tu. Uzuri wa kioo chako, mishale yako, masafa marefu uliyoyalipia, vyote vitamfaa yeye siku atakapokuwa chini na wewe uko juu, mikono inatetemeka. Kwa hiyo usichague kwa kujiuliza wewe unapenda ipi. Jiulize ni ipi utaiendesha bila kukosea ukiwa umechanganyikiwa kabisa.

Turudi kwenye ile ya zamani iliyoko kabatini. Bikoni za kizamani zilikuwa na antena moja na sauti tu. Ulitafuta kwa kusikiliza mlio ukipanda na kushuka. Mwaka 1997 ikatoka Tracker ya kampuni ya BCA, ya kwanza ya kidijitali, yenye antena mbili zinazoweza kukupa mwelekeo. Leo kiwango ni antena tatu, na ile ya tatu si pambo. Mawimbi ya bikoni hayaji kwako kwa mstari ulionyooka, yanakuja kwa upinde. Mtu akiwa amefukiwa kina kirefu na antena yake imesimama wima, bikoni ya antena moja au mbili inaweza kukuonyesha sehemu mbili zenye nguvu kubwa, ukaanza kuchimba penye shimo tupu huku mwenzako yuko mita moja na nusu pembeni. Antena ya tatu ndiyo inayoondoa uongo huo.

Kuna jambo baya zaidi ambalo watu hawalifikirii. Bikoni kuukuu inaweza kuhama masafa yake polepole, na baadhi ya zile za kizamani zinarusha mdundo mrefu mno, au zinaacha mvumo kati ya mdundo na mdundo. Bikoni za sasa hutenganisha watu wawili waliofukiwa kwa kusoma midundo yao. Ikiingia yenye mvumo, hesabu zote zinavurugika. Maana yake ukivaa kuukuu yako hujihatarishi peke yako, unaweza pia kumfichia mwenzako mtu wa pili. Baadhi ya bikoni mpya, mnapokaguana asubuhi, zinapima mdundo na masafa ya mwenzako na kukataa kabisa zikiona kasoro. Zikikataa yako, usianze ubishi kwenye maegesho.

Kama yako si ya zamani sana, tuseme ina miaka mitano au sita, ina antena tatu na imekaa kabatini muda wote, ikague kabla ya kuihukumu. Fungua kifuniko cha betri mchana, karibu na dirisha, siyo usiku kwa taa ya simu. Tazama springi na vile vibati vinavyogusa betri. Ukiona unga mweupe kama chumvi, au ukijani kwenye shaba, betri ilivuja. Sasa inamisha kifaa uangalie pale kibati kinapoingia ndani ya plastiki. Unga ukiwa umefika pale, ujue maji ya betri yameshapanda kwenye waya mpaka kwenye bodi, na huko huwezi kuyaona. Ingekuwa redio ya kusikilizia mpira ningeikwangua kwa kisu, nikaisafisha kwa spiriti na kukurudishia jioni ileile. Hii hapana. Kibati kilichokwanguliwa kinafanya kazi vizuri mezani, kisha kinakatika mtu akianguka. Mteja wangu mmoja aliniletea ya namna hiyo akiniambia inawaka vizuri tu. Niliigonga kidogo kwa kidole ikazima.

Ikiwa ndani ni safi, weka betri mpya na uende na mwenzako uwanjani. Ilaze chini ikiwa inarusha, naye arudi nyuma na bikoni yake ikiwa kwenye kutafuta mpaka aipoteze. Kisha igeuze ielekee upande mwingine, kisha isimamishe wima. Halafu badilishaneni kazi: yake irushe, yako itafute. Mwelekeo mmoja ukitoa umbali mfupi mno kuliko ile bikoni nyingine mnayolinganisha nayo, huenda antena mojawapo imekufa. Antena hizi ni waya uliozungushwa kwenye kijiti cha feraiti, na feraiti huvunjika kama sahani ya udongo bikoni ikidondoka kwenye saruji. Ganda la nje halionyeshi kitu.

Halafu ingia kwenye tovuti ya aliyeitengeneza na uangalie mambo mawili. La kwanza, kama modeli yako iliitwa irudishwe. Imetokea kwa zaidi ya kampuni moja, na si kwa sababu ndogo: swichi zinazoweza kuhama zenyewe, au kifaa kukataa kubadilisha kutoka kurusha kwenda kutafuta. La pili, kama kuna toleo jipya la programu ya ndani. Modeli za karibuni zinasasishwa kwa simu kupitia Bluetooth. Za nyuma kidogo inabidi uzipeleke dukani au uzitume. Kampuni nyingine zinashauri ukaguzi kila baada ya miaka mitatu, na mimi kama fundi sioni kuwa ni ujanja wa kutafuta pesa.

Ya mtumba? Nguo nunua, viatu nunua, hata skii zenyewe nunua. Bikoni ya mtumba usinunue, labda umjue mwenyewe na ujue ilikolala kila kiangazi.

Sasa tuingie dukani. Hapa Kanada bei inaanzia kama dola 400 na kitu, na zile za waongozaji zinapita 700. Majina utakayokutana nayo ni Mammut yenye Barryvox, BCA yenye Tracker, Ortovox, Arva na Pieps. Zote za sasa zina antena tatu, zote zinaongea masafa mamoja, na yoyote kati ya hizo itampata mtu. Muuzaji ataanza na umbali: hii mita 50, ile mita 70. Msikilize kwa adabu, kisha uendelee. Umbali huo unapatikana antena zikiwa zimepangana vizuri. Kwenye theluji, mwenzako amelala vyovyote alivyolala.

Mwambie akupe bikoni mkononi, na vaa glavu zako ulizokuja nazo, siyo zile nyepesi. Igeuze kwenda kutafuta. Irudishe. Fanya hivyo umefumba macho. Swichi inayokulazimu kuvua glavu, au inayokufanya ukumbuke kubonyeza kwanza halafu kusukuma halafu kusubiri, iache hapohapo. Kisha vaa miwani yako ya theluji na uangalie kioo ukikizungusha: miwani yenye polaraizi, yaani ile inayokata mng'ao, inaweza kukifanya kioo kiwe cheusi kabisa kwenye pembe fulani. Kuna Ortovox inayokuelekeza kwa sauti, na kuna watu wanaisifu sana. Mimi nikiwa na wasiwasi sipendi kuongeleshwa.

Kitu cha kulipia ni uwezo wa kuweka alama. Ukishampata mtu wa kwanza unabonyeza, kifaa kinamweka kando na kukupeleka kwa wa pili. Modeli nyingi za kawaida zinao. Cha pili ni kujirudisha kurusha chenyewe: ukiwa unatafuta, poromoko la pili likakuchukua, kifaa kinaona husogei na kinaanza kurusha. Soma kitabu chake ujue yako inasubiri muda gani, maana zinatofautiana. Hayo mengine, yaani kutafuta kwa mlio wa kizamani, vipimo vya nyuzi za mteremko, menyu ndani ya menyu, ni ya waongozaji na vikosi vya uokoaji.

Kwa anayerudi baada ya kukaa nje, ushauri wangu ni modeli ya kawaida, siyo ya juu kabisa, na ikiwezekana iwe ya kampuni ileile anayotumia mwenzako. Mtafanya mazoezi pamoja, na mmoja akikwama mwingine anajua kitufe kiko wapi. Dola zinazobaki weka kwenye beleshi la alumini, siyo la plastiki, na fimbo isiyopungua sentimita 240. Nimeona mtu ana bikoni ya dola 700 na beleshi ambalo mwanangu angelikataa kuchezea mchanga. Kama bado huna uhakika, kituo cha michezo ya nje cha Chuo Kikuu cha Calgary kinakodisha. Kodi mbili tofauti kabla ya kununua moja.

Betri: alkalaini mpya, za aina moja, zilizonunuliwa pamoja. Nyingine zinatumia AAA tatu, nyingine AA moja. Zile za kuchaji usitie, isipokuwa kifaa kimetengenezwa kwa ajili yake, kwa sababu kipimo cha asilimia kimepangiwa alkalaini na kitakudanganya. Lithiamu, angalia kitabu kinasemaje. Kiangazi zitoe kabisa.

Simu ndiyo adui mpya, na hili waliokaa nje ya mlima muda mrefu hawalijui. Mlipoacha, simu ilikuwa inabaki kwenye gari. Sasa kuna simu, saa janja, kamera ya kofia, glavu za umeme, redio ya mawasiliano. Vyote vinapiga kelele masikioni mwa bikoni. Kanuni ni sentimita 20 kati ya bikoni na kitu chochote cha umeme ukiwa unarusha, na sentimita 50 ukiwa unatafuta. Glavu za umeme zizimwe kabla hujashika bikoni, maana mkono ndio unaoishika. Bikoni ikianza kuonyesha mshale penye theluji tupu, angalia kwanza kifuani kwako una nini.

Mazoezi yafanyike kabla ya mlima. Nenda bustani ya Nose Hill hapa Calgary theluji ikishaanguka, mpe mwenzako bikoni ndani ya mfuko wa plastiki aifukie wewe ukiwa umegeuka. Kimbia ukiwa mbali, punguza mwendo ukifika mita 10, na kuanzia mita 3 inama, bikoni igusane na theluji, isigeuzwe tena upande wowote. Ipeleke mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, mpaka upate namba ndogo kuliko zote. Hapo ndipo fimbo inaanza, mchomo kila sentimita 25 kwa kuzunguka nje. Ukigusa, iache fimbo palepale na uanze kuchimba upande wa bonde, siyo juu ya kichwa chake. Mkishindwa kumaliza kwa dakika chache, rudieni, na mbadilishane.

Wanaorudi wengi wanadhani lazima waanze upya na AST 1, ile kozi ya mwanzo ya usalama wa maporomoko ya theluji, ya siku mbili. Kama uliifanya zamani, shirika la Avalanche Canada wana kozi ya siku moja ya kuokoana tu, na hiyo ndiyo ningekupeleka kwanza. Na ukitaka kujua bikoni yako inarusha kweli, kule kwenye uwanja wa skii wa Sunshine Village geti la kuingilia mteremko mkali wa Delirium Dive linafunguka tu likisikia bikoni. Ukifika hapo na geti likakaa kimya, rudi ukaskii chini na familia, Jumatatu uje dukani.