Unataka kubuni vitu vya wazee na wagonjwa? Acha kuuliza, angalia mikono

Kila mwaka lazima kuna kijana ataniuliza, kaka hivi hii kazi yako ya kubuni vitu ambavyo hata bibi mwenye baridi yabisi au mtu wa kiti mwendo anavitumia bila kuhangaika, mtu anaianzia wapi, mbona kwenye matangazo ya kazi siioni? Haipo, usiisubiri. Anza na kitu kimoja cha jikoni kwenu na mtu mmoja ambaye vidole vinamuuma, basi.

Chukua kisu cha kumenyea viazi. Kule Marekani mwaka 1990 kampuni ya OXO ilitoa vyombo vya jikoni vyenye mipini minene ya mpira, na chanzo chake ni mwanzilishi wake mzee Sam Farber kumuona mkewe Betsey anamenya matufaa huku mikono inauma. Hawakuandika popote kwamba ni vya wagonjwa, vikanunuliwa na kila mtu, hapo ndo utamu wa hii kazi ulipo.

Wewe huna kiwanda, sawa, ila ndala zilizokatika unazo. Kata soli, zungushia kwenye mpini wa kisu, kaza na tyubu ya baiskeli, tengeneza mitatu: mmoja mwembamba, mmoja wa kati, mmoja mnene kama gunzi la muhindi. Usihangaike na urembo.

Halafu nenda kwa bibi, na hapa ndo wengi wanaharibu. Ukimpa kisu ukamuuliza "bibi, kizuri?" atakwambia kizuri sana mjukuu wangu Mungu akubariki, hata kama kimemchubua kiganja. Sio muongo, ana adabu zake, umeingia na shikamoo na kilo ya sukari atakuvunjaje moyo? Kwa hiyo usiulize na wala usimwambie umetengeneza wewe. Mpe viazi vya chakula cha mchana cha kweli sio vya maonyesho, kaa pembeni na mikono yako ikalie kabisa maana utatamani kumsaidia, na ukishamsaidia tu jaribio limeisha. Sasa angalia vidole. Anabadili mkono kwenye kiazi cha ngapi, anabana kwa gumba au kwa kiganja kizima, na kile anachofanya wazee wote, anapumzisha mkono huku anajifanya anakupa stori. Hesabu hizo stori. Na kama mkwe wake yuko jikoni mwombe kistaarabu akachote maji, mbele ya mkwe hakuna bibi atakayekubali kushindwa na kiazi.

Bibi mmoja alinisifia mpini mwembamba niliopaka rangi nyekundu, kausifia mpaka nikaona aibu, nakusanya vitu vyangu niondoke ule wa ndala mbaya kama nini hauonekani. Ulikuwa kwenye kapu lake la vitunguu. Niliuacha huko huko.

Ukitaka kumjua aliyelibeba hili mbali msome Patricia Moore. Alikuwa dizaina kijana kwenye ofisi ya Raymond Loewy, dizaina maarufu wa vitu vya viwandani, pale New York, siku moja kwenye kikao akauliza kama mlango wa friji unaweza kutengenezwa mtu mwenye mikono inayouma aufungue, akajibiwa kwamba hatubuni kwa ajili ya watu hao. Kuanzia 1979 akaanza kujigeuza kikongwe, sura imepakwa mikunjo, masikio yamezibwa, miguu imefungwa bandeji asiweze kukunja goti, akazunguka hivyo kwa karibu miaka mitatu kwenye miji zaidi ya 100 ya Marekani na Kanada.

Nikifundisha nawafanyia wanafunzi kitu kama hicho lakini kidogo: nafunga vidole viwili kwa plasta, napaka mafuta ya mgando kwenye miwani, nawaambia fungueni chupa ya dawa, ile ya kubonyeza huku unazungusha. Vicheko vinaisha dakika ya pili. Ila usije ukadhani ukivua plasta umeshakuwa mtaalamu, wewe umecheza nusu saa mwenzio ana miaka ishirini nayo na ana mbinu zake ambazo huzijui. Mlete mwenyewe darasani, akae mbele afundishe, mlipe nauli na posho kama mwalimu mwingine yeyote.

Hilo nimelijifunza kwa aibu. Niliwahi kuchora njia ya kiti mwendo kwenye zahanati moja, ngazi ina kimo cha sentimita 30, nikaweka mteremko wa mita moja na nusu nikaona poa. Jamaa wa kwanza kupanda akaanza kurudi nyuma, nesi akamdaka. Kanuni ya kawaida ni 1 kwa 12, yaani sentimita 30 zinataka mita 3.6, na yeye angeniambia hata kwa macho tu kama ningemuita kabla ya zege.

Ukitaka kuingia hospitali kufanya utafiti, kibali kwanza. Kwa Tanzania utafiti wa afya unapita NIMR, yaani taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, pamoja na kibali cha kamati ya maadili, na bado uongozi wa hospitali yenyewe unataka barua yake, kwa hiyo anza mapema sana, andika fomu ya ridhaa kwa Kiswahili ambacho mama anayesubiri dawa anakielewa. Ukishaingia usikimbilie kwa daktari bingwa, kaa na nesi wa zamu ya usiku na mhudumu anayesukuma vitanda, hao ndo wanajua tairi gani inakwama na mgonjwa anashikilia nini akitaka kushuka. Na kama unataka kujifunza kwa mikono kuna chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC Moshi wanafundisha mafundi wa viungo bandia, Nairobi chama cha watu wenye ulemavu, APDK, wanatengeneza viti mwendo. Piga hodi karakana, omba hata kufagia wiki mbili, na nenda na tepu yako ya kupimia maana ya kwao hawaazimishi.