Jinsi ya Kuripoti Hitilafu ya Emacs na Kuithibitisha

Kabla ya kuripoti hitilafu, funga Emacs, programu ya kuhariri maandishi, kisha uifungue upya kwa amri ya emacs -Q, ambayo huianzisha bila kusoma faili lako la mipangilio wala programu-jalizi ulizoongeza. Tatizo likitoweka, chanzo kimo katika mipangilio yako: zima nusu ya mistari ya faili hilo, jaribu tena, na uendelee kugawa nusu kwa nusu hadi mstari wenye kosa ubaki peke yake. Likijitokeza tena, tumia M-x report-emacs-bug (bonyeza Alt na x kwa pamoja, andika report-emacs-bug, kisha ubonyeze Enter); amri hii hufungua barua iliyokwisha kujazwa toleo la programu na maelezo ya mfumo wa kompyuta yako, mambo ambayo ni rahisi kuyasahau.

Sehemu iliyobaki ni yako, nayo ndiyo yenye uzito. Taja kila kitufe ulichobonyeza kwa mfuatano wake, ulichotarajia na kilichotokea, na unakili ujumbe wa kosa neno kwa neno. Kuandika "haifanyi kazi" hakumsaidii mtu yeyote. Anayethibitisha hitilafu iliyoripotiwa na mwingine naye afuate hatua hizo hizo katika emacs -Q, kisha ataje toleo alilotumia, hata kama hakuiona hitilafu yenyewe.