Bromelia hainywi kwa mizizi: acheni kuifukia kwenye samadi

Bromelia, ua la chunguni, haiuzwi bei ya mchicha, lakini watu wanaipanda kama mchicha. Udongo mweusi, samadi ya kutosha, kisha maji asubuhi na jioni. Wiki chache baadaye majani yanalegea, na ukivuta jani la katikati linang'oka lote, kitako chake kimegeuka kahawia na kinanuka uvundo. Hapo usihangaike na dawa ya kupuliza. Mmea umeshaoza.

Huyu ni ndugu wa nanasi. Aina nyingi tunazofuga ndani, Guzmania na Aechmea kwa mfano, asili yake ni misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, na nyingi huko zimejishika juu ya matawi ya miti. Kazi kubwa ya mizizi ni kushikilia tu. Maji huingia kupitia majani, pale yanapokutana katikati yakafanya kikombe. Ukijaza chungu maji, unainyima mizizi hewa na mmea haujanywa.

Changanya hivi: makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande vya sentimita 1 hadi 2, sehemu mbili, mkaa uliovunjwavunjwa, sehemu moja, mchanga mnene wa mto, sehemu moja. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uacheni Coco Beach. Makumbi yaloweke siku mbili, umwage maji na kuweka mengine siku ya pili. Chungu cha upana wa sentimita 12 hadi 15 kinatosha, kiwe na matundu. Fukia mizizi peke yake. Udongo ukigusa majani ya chini, umeanza kuozesha.

Kwenye kikombe cha majani weka maji kina cha sentimita 2 au 3. Kila siku ya tano inamisha chungu, mwaga yote, weka mapya. Nimesema ya tano, si "nikikumbuka". Kwa joto la Dar, viluwiluwi vya Aedes, mbu wa dengue, vinaweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hivi, na dengue ya 2014 na ya 2019 hamjaisahau. Kule chini kwenye chungu, chomeka kidole sentimita 3. Pakiwa pakavu kabisa, nusu glasi. Pakiwa na unyevu, ondoka! Maji ya kisima chenye chumvi yanaunguza ncha za majani, kwa hiyo kinga maji ya mvua utumie. Masika yakianza, chungu cha barazani kihamie chini ya paa.

Majani yakikaza na rangi ikabaki, uko sawa.

Mmea mama huchanua mara moja, kisha hufa polepole huku akitoa machipukizi ubavuni. Msiyakate yakiwa madogo kama kidole, mama zangu. Subirini yafike theluthi hadi nusu ya urefu wa mama, mkate kwa kisu safi, na kidonda kikauke siku moja kivulini kabla ya kupanda.